Dakika Sita Juu ya Unguja

Jioni ya tarehe 20 Februari 1962 Unguja ilikuwa katikati ya Ramadhani. Ilipata saa kumi na mbili na robo hivi, wakati harufu ya vyakula vya futari imekwisha kutanda vichochoroni na kila mtu anahesabu dakika. Wakati huohuo, ndani ya chumba kilichojaa mitambo kisiwani humohumo, daktari mmoja alikuwa akifuatilia mapigo ya moyo wa mtu ambaye hakuweza kumwona. Mgonjwa wake, kama tunaweza kumwita hivyo, alikuwa mzima wa afya, na alikuwa juu angani, zaidi ya kilomita 160 kutoka ardhini, akipita kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa.

Mtu huyo alikuwa John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alikuwa na miaka 40, amefungwa mikanda katika chombo kiitwacho Friendship 7, chenye nafasi ya mtu mmoja kuketi na si zaidi. Kulikuwa na mpira wa kuvuta uliofungwa chini ya paneli ya vifaa mbele yake, na akiwa katika eneo la Unguja aliuvuta kwa nguvu, kama mtu anayefanya mazoezi ya viungo. Daktari akaona mapigo ya moyo yakipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, ndani ya sekunde 30 tu. Baada ya dakika mbili hivi yakawa yameshuka hadi 84.

Leo tarakimu hizo hazimshtui mtu. Wakati ule zilikuwa jibu la swali lililowakosesha madaktari usingizi. Mwili wa binadamu umezoea kubeba uzito wake tangu siku unapojifunza kusimama. Ukiuondolea uzito huo, je, moyo utajua namna ya kusukuma damu? Koo litameza? Wapo waliohofia kwamba hata mboni ya jicho ingebadilika umbo na mtu ashindwe kusoma vipimo vyake mwenyewe. Kwa hiyo Glenn alipewa ubao mdogo wa herufi ausome, akausoma. Alipewa tunda lililosagwa ndani ya bomba kama la dawa ya meno, akalimeza. Na moyo wake, kama ulivyoonekana Unguja, ulipanda kwa kazi na kushuka kwa mapumziko, sawasawa na moyo wa mchukuzi wa Darajani anayetua gunia na kupangusa jasho.

Nimeanza na habari hii kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi historia ya safari za kwanza za anga inavyosimuliwa kwa watoto wetu. Husimuliwa kama habari za mbali kabisa: majina mawili matatu ya kigeni, picha ya roketi, mtu mwenye kofia kubwa ya kioo. Mtoto anaondoka na somo moja tu, kwamba mambo hayo hufanywa na watu wengine, kwingine. Kumbe mmojawapo wa milango ya safari ile ilikuwa hapa pwani.

Sababu ya Wamarekani kuweka kituo Unguja ilikuwa ya kisayansi. Mawimbi ya redio yaliyotumika kuzungumza na chombo husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Chombo kinachopita kilomita 200 juu yako unakiona, kwa maana ya antena, tangu kinapochomoza upeoni hadi kinapozama upande wa pili: mwendo wa kilomita 3,000 na ushei. Kwa kasi ile, hizo ni dakika sita au saba tu. Baada ya hapo ukimya, mpaka kituo kingine kikipate. Setilaiti za kupokezana mawasiliano ya vyombo kama hivyo hazikuwepo bado. Ili mtu mmoja azunguke dunia bila kupotea kwa muda mrefu, ilibidi dunia nzima ifungwe mkanda wa vituo. Marekani ilijenga 18, viwili kati yake vikiwa juu ya meli baharini. Njia ya Glenn ilitoka Florida, ikavuka Atlantiki na kupita Visiwa vya Kanari, Kano nchini Nigeria, Unguja, Bahari ya Hindi, Australia, visiwa vya Pasifiki, Mexico, na kurudi. Ukichora mstari huo kwenye ramani utaona Afrika imevukwa kwa upana wake wote.

Kituo cha Unguja kilipokea vipimo vya chombo na vya mwili wa rubani, kikazungumza naye, kisha kikatuma taarifa Marekani. Muda mfupi baada ya kutoka kwetu, Glenn aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, machweo yake ya kwanza angani. Kwa saa zisizotimia tano, yaani saa 4 na dakika 55, aliizunguka dunia mara tatu.

Hakuwa wa kwanza. Miezi kumi kabla yake, tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti aliondoka Baikonur ndani ya Vostok 1 na kuizunguka dunia mara moja. Dakika 108 kutoka kuruka hadi kutua. Alikuwa na miaka 27. Baba yake alikuwa fundi seremala wa kijijini, na yeye mwenyewe kabla ya urubani alijifunza kazi ya kuyeyusha na kusubu chuma. Injini ya kupunguza mwendo iliwashwa akiwa karibu na pwani ya Angola, kwa hiyo safari yake ya kurudi nyumbani ilianzia jirani na bara letu. Alipofika kilomita saba kutoka ardhini alirushwa nje ya chombo kama ilivyopangwa, akashuka kwa mwavuli wake mwenyewe kwenye mashamba ya mkoa wa Saratov. Bibi mmoja aliyekuwa shambani na mjukuu wake ndio waliokuwa wa kwanza kumwona, amevaa nguo za rangi ya machungwa na kofia nyeupe, akija kwao kwa miguu. Wakaogopa. Akawaambia yeye ni mwenzao.

Miaka miwili baadaye, Juni 1963, Valentina Tereshkova, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyependa kuruka kwa mwavuli, akawa mwanamke wa kwanza angani. Alizunguka mara 48 katika muda wa karibu siku tatu. Msubu vyuma na mfuma nguo. Hilo ningependa lisemwe madarasani kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mtoto wa fundi wa Gerezani au wa mama anayeshona vitenge Manzese anahitaji kulisikia zaidi kuliko kusikia uzito wa roketi.

Na nyuma ya Glenn kuna jina jingine ambalo kwa miaka mingi halikutajwa kabisa. Kompyuta za mwaka 1962 zilikuwa mpya na ziliharibika mara kwa mara, na Glenn hakuziamini sana. Kabla ya kuruka aliomba hesabu za njia yake zirudiwe kwa mkono na Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Akikubali yeye, nami niko tayari, ndiyo ilikuwa maana ya ombi lake. Mama huyo alikaa na mashine yake ya kukokotolea siku moja na nusu, akaipitia namba moja baada ya nyingine, na zikalingana na za kompyuta.

Lakini turudi nyuma zaidi. Johnson alizaliwa mwaka 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia. Wilaya yake haikuwa na shule kwa watoto weusi kupita darasa la nane. Baba yake akaihamishia familia mji mwingine, mwendo wa kilomita zipatazo 190, wakati wa masomo, ili watoto wasome, huku yeye akibaki kufanya kazi. Binti akamaliza sekondari akiwa na miaka 14 na chuo akiwa na 18. Mzee huyo hakuijua obiti wala roketi. Alijua tu kwamba mtoto wake anapenda kuhesabu kila kitu, hata ngazi na sahani. Mimi nikiulizwa ni nani aliyemrudisha Glenn salama, nitamweka na yeye kwenye orodha.

Jimbo hilohilo la West Virginia lilitoa kisa kingine. Oktoba 1957, Sputnik, setilaiti ya kwanza, ilipopita angani, kijana wa mji wa machimbo ya makaa wa Coalwood, Homer Hickam, alitoka nje kuitazama. Yeye na wenzake wakaanza kutengeneza roketi. Za mwanzo zililipuka. Mwalimu wao wa sayansi, Freida Riley, akawatafutia kitabu na kuwatia moyo. Mafundi wa karakana ya mgodi wakawachongea vipande vya chuma. Mwaka 1960 vijana hao wakashinda katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi, na baadaye Hickam akawa mhandisi wa NASA, akifundisha wanaanga. Angalia mnyororo huo: nuru iliyopita angani kwa dakika chache, mwalimu, fundi, chuma chakavu. Ukiondoa mwalimu na fundi, inabaki nuru tu, na nuru ile iliwapitia mamilioni ya watoto. Serikali ya Marekani nayo haikuishia kushangaa. Mwaka 1958 ilipitisha sheria ya kugharimia elimu ya sayansi, hisabati na lugha, mikopo ya wanafunzi ikiwemo.

Hapa ndipo kisa cha Unguja kinaponiuma. Glenn alipofika juu ya Australia usiku, wakazi wa mji wa Perth waliwasha taa za nyumba zao ili azione. Aliziona, na akaomba washukuriwe. Watoto wa Perth wa usiku ule walikuwa na kitu cha kuwaeleza wajukuu: sisi tuliwasha taa, na yeye akatuona. Unguja nasi tulikuwa kwenye njia ileile, na kwa jambo kubwa zaidi ya taa, maana moyo wake ulipimwa hapa. Lakini kituo kilikuja kwa makubaliano ya Marekani na Uingereza, mitambo ikaendeshwa na wataalamu kutoka nje, na wananchi wengi walikiona kama mlango wa vita. Yalikuwapo maandamano ya kukipinga, watu wakihofia kwamba ni kituo cha makombora na kwamba kisiwa kingelengwa na maadui wa Marekani. Siwalaumu. Mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwaka huohuo kikafungwa.

Sijui kitu kinachofunga moyo wa kijana kama kuwekwa nje ya jambo linalofanyika mlangoni kwake. Na sijui kitu kinachoufungua kama kushikishwa.

Nilijaribu hilo Jumamosi moja na watoto wa jirani. Tulichukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, tukaitoboa kwa msumari ubavuni, karibu na kitako. Tukaijaza bila kifuniko. Maji yakachuruzika kwa mrija mwembamba, kama kawaida. Nikapanda nayo ghorofani, nikamwambia binti mmoja wa darasa la sita ashike simu na kuirekodi chupa itakapokuwa ikianguka. Nikaiachia.

Tukaitazama picha polepole. Mkononi mwangu mrija wa maji unatoka. Chupa inapoanza kuanguka, mrija unakatika. Tundu lipo, maji yapo, hakuna kinachotoka, mpaka chupa inapopasuka chini. Tulirudia mara nne, na chupa nne. Kijana mmoja akauliza, "Anko, kwani maji yanaogopa?"

Nikamwuliza maji hutoka tunduni kwa nini. Akasema kwa sababu yanasukumwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Na chupa ikianguka pamoja na maji yote kwa mwendo mmoja, nani atamsukuma mwenzake? Akanyamaza. Yule binti wa simu ndiye aliyejibu: "Hakuna. Wote wanaanguka."

Hiyo ndiyo siri ya mwanaanga kuelea. Wengi hudhani kule juu mvutano wa dunia umekwisha. Haujaisha: katika kimo cha kilomita 400 bado ni kama asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Mwanaanga haelei kwa kukosa mvutano. Anaanguka, na chombo chake kinaanguka pamoja naye, mfululizo. Kwa nini hafiki chini? Rusha embe mbele, litaanguka karibu. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Kama ungeweza kulirusha kwa kilomita karibu nane kwa sekunde, nje ya hewa, lingekuwa likianguka kuelekea ardhini huku ardhi nayo, kwa sababu ya umbo lake la mviringo, ikijipinda chini yake kwa kiasi kilekile. Embe lingeanguka milele bila kufika. Kwa kasi hiyo ungetoka Dar es Salaam ukafika Morogoro kabla nusu dakika haijatimia.

Watoto walielewa. Mmoja alitaka kujua kama mtu anaweza kuswali kule juu, na elekeo la kibla linakuwaje. Nilimweleza kwamba wanaanga Waislamu wamekwisha kwenda na swali hilo limekwisha kuwashughulisha wanazuoni. Naamini swali kama hilo ni dalili kwamba mtoto amekwisha kujiona mle ndani.

Pwani yetu ilipata nafasi ya pili. Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya, Waitaliano waliweka majukwaa baharini na kurusha setilaiti kuanzia mwaka 1967. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia hujizungusha kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa upande huo huanza safari ikiwa na msukumo huo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, iliruka kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru. Ilibainisha mamia ya vyanzo vya miale hiyo, na ndiyo iliyosaidia kumulika Cygnus X-1, kinachotambuliwa leo kuwa shimo jeusi. Hadi sasa wanaastronomia wa dunia nzima huandika majina ya baadhi ya vyanzo hivyo kwa kuanza na 4U, na herufi hiyo U ni Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota kila mahali, na nimekutana na wanafunzi wengi wa fizikia wasiolijua hilo.

Nafasi ya tatu ndiyo inayonipa matumaini, kwa kuwa safari hii walioshika bisibisi ni vijana wenyewe. Mei 2018 kijisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kiliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2019 ikafuata RwaSat-1 ya Rwanda, na Desemba 2022 PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi watatu vijana wa Uganda waliopelekwa kusomea kazi hiyo Japani. Zote tatu zilipandishwa kwanza hadi kwenye kituo ambamo wanaishi watu, kisha zikatolewa nje kupitia chumba cha Kijapani kiitwacho Kibo. Njia waliyoifungua Gagarin na Glenn ndiyo iliyozipitisha. Wapo watakaosema mchemraba wa sentimita 10 ni kitu kidogo. Friendship 7 nayo ilikuwa ndogo, mtu hakuweza hata kunyoosha miguu.

Tangu tarehe 2 Novemba 2000 kituo hicho hakijawahi kubaki kitupu. Kijana yeyote aliyezaliwa baada ya hapo hajaishi hata siku moja ambayo binadamu wote walikuwa ardhini. Na kituo hupita juu yetu. Hakihitaji darubini: ni nuru kali isiyopepesa, inayokatiza anga kwa dakika chache, muda mfupi baada ya Magharibi au kabla ya jua kuchomoza, wakati huku chini ni giza na kule juu bado kunapigwa na jua. NASA hutangaza bure saa za kukiona kwa kila mji. Wanaanga wake pia huzungumza na shule kwa redio ya ridhaa, katika masafa ya megahezi 145.800, na mtu mwenye redio ndogo ya mkononi inayoshika masafa hayo anaweza kusikia sauti zao zikishuka. Kama ilivyokuwa Unguja mwaka 1962, mazungumzo hukatika kituo kinapozama upeoni, ila kwa kuwa kiko juu zaidi, muda ni mrefu kidogo: dakika kumi hivi. Shule huomba nafasi hiyo, na shule za Afrika zimekwisha kuipata.

Mwalimu unayesoma makala hii, omba. Andaa maswali na watoto wako, mtafute mtaalamu wa redio, na siku hiyo milango ya darasa iwe wazi ili jirani, fundi na mama lishe nao waingie wasikie. Na wewe mzazi, usisubiri shule. Tafuta siku kituo kitakapopita juu ya mji wako, mtoe mtoto nje dakika tano mapema ili macho yazoee giza, mwonyeshe upande kitakakotokea, na umwambie kwamba mle ndani wamo watu.